Mtungi Uliosema Subira

Adventina alimaliza kuosha sufuria ya maharage, akaipindua kichanjani, akafukia makaa kwa majivu ili asubuhi asihangaike kuomba moto kwa jirani. Kisha akachota bakuli moja la maji kwenye dumu, akayamimina ndani ya mtungi mdogo wenye shingo nyembamba, akauweka mtungi kando ya mafiga. Hayo yalikuwa maji ya Mungu. Akajipangusa mikono kwenye kanga yake, akaenda kulala.

Kila mwanamke aliyeolewa katika vilima vile vya Ngara anaijua desturi hiyo, na padri naye anaijua, ila hujifanya haijui. Mungu huwafinyanga watoto usiku, watu wakiwa wamelala na hakuna wa kumsumbua. Udongo anakuja nao mwenyewe. Maji anawategemea wenye nyumba, maana hata awe fundi wa namna gani, huwezi kumtaka mtu afinyange udongo mkavu. Kwa hiyo mwanamke anayetaka mtoto hawezi kulala akaacha nyumba haina maji. Huo ni utovu wa adabu. Wenzake Adventina walioolewa mwaka mmoja na yeye waliweka maji, wakapata watoto, na wengine walishaacha kuweka kwa makusudi, wakisema Mungu naye apumzike. Adventina alikuwa anaweka kwa mwaka wa kumi na mbili. Kila asubuhi aliyakuta maji palepale alipoyaacha, pengine na mdudu mmoja amezama ndani, akayatumia kunawa uso.

Asubuhi iliyofuata, juma la pili baada ya Pasaka ya mwaka tisini na nne, maji hayakuwemo. Aliuinua mtungi, akaupindua, akatafuta ufa. Ulikuwa mzima, tena mkavu mpaka chini. Alikuwa bado ameushika hivyo, mdomo wake ukimwelekea usoni, mtungi uliposema, "Subira."

Sauti ilikuwa ya kiume, ya mtu mzima, imekwaruza kidogo kama ya mtu aliyekesha kazini. Ilisema mara moja tu. Adventina akajibu, "Asante," kwa kuwa ndilo neno lililomjia mdomoni, akaurudisha mtungi mahali pake, akabandika uji.

Alipompelekea mumewe Kazimili uji wake, alimweleza kwamba usiku Mungu alikuja, akatumia maji yote, akaacha neno. Kazimili akauliza ni neno gani. Akaambiwa. Alipuliza uji kwa muda, kisha akasema, "Tutaona." Kazimili alikuwa mtengenezaji wa pombe ya ndizi, mtu mpole, mwenye miguu mirefu na maneno mafupi, na "tutaona" ndiyo ilikuwa silaha yake kubwa duniani. Kwa neno hilo moja alikuwa amemzuia mama yake mzazi miaka mingi asimletee mke wa pili.

Mama yake huyo aliitwa Deodata, na nyumba yake ilikuwa chini kidogo, ng'ambo ya migomba. Hakuwa mwanamke mbaya, watu wasimsingizie. Alizaa watoto wengi, akawazika wote wangali wadogo isipokuwa Kazimili, na sasa alitaka mjukuu kabla hajafumba macho. Mtungi wenyewe ulikuwa wake. Aliutumia enzi zake, ukamfaa, akampa mkwe wake siku ya harusi. Habari ilipomfikia alipanda mlimani, akaketi kwenye kigoda, akamwambia Adventina hana haja ya kuhangaika kutafuta maana, kwa sababu Mungu ameongea waziwazi.

Hapo ndipo pakawa na shida. Katika Kiswahili cha shule na kanisa, subira ni kungoja pasipo kunung'unika. Lakini nyumbani kule watu wanaongea Kihangaza, na katika Kihangaza ukimwambia mtu "subira" umemwambia arudi, ageuke ashike njia ya alikotoka. Adventina alitoka Mugoma. Mwanamke ambaye hajazaa, akiambiwa arudi alikotoka, hahitaji kufafanuliwa.

Adventina alishikilia kwamba mambo ya Mungu ni ya Kiswahili. Misa ni Kiswahili, katekisimu ni Kiswahili, na hata yeye alipobatizwa padri hakummwagia maji kwa Kihangaza. Deodata akamjibu kwamba Mungu aliumba vilima hivi kabla Kiswahili hakijapanda huku, na mtu anayeingia jikoni kwa watu usiku huongea lugha ya jiko hilo. Wote wawili walikuwa na hoja, na Kazimili, aliyeulizwa na pande zote mbili, aliendelea kuona kwamba wataona.

Wakamwita Anastazi, mwalimu wa dini, aje asikilize. Alifika alfajiri amevaa koti, akaombwa asogee karibu, akatega sikio. Maji yalikuwa yamekwisha usiku kama ilivyokuwa kawaida sasa, na mtungi ukasema neno lake. Anastazi akafikiri sana. Akaeleza kwamba lugha yao ina kupanda na kushuka, na kama neno hili lingekuwa la kwao lingepanda kidogo katikati. Mtungi ulilisema tambarare, jinsi matangazo yanavyosomwa kanisani. Tena ile "ra" ya mwisho ilikuwa safi, siyo "subila" ya wachuuzi wa Biharamulo. Kwa maoni yake, aliyesema alikuwa amesoma.

"Basi ni Mhangaza aliyesoma," akasema Deodata.

Anastazi akainuka, akafunga koti. Alipeleka suala parokiani, na baada ya juma moja akaja na jibu. Padri alisema Kanisa halina pingamizi na subira kwa lugha yoyote. Alisema pia kwamba waumini waache mila ya kuweka maji, lakini kama mtu atashindwa kuacha, basi angalau yawe maji safi.

Mambo yakabaki hivyo, hayajapata mshindi. Adventina aliishi na hofu, tuseme ukweli. Aliyapenda maisha yake na Kazimili, alipenda sauti ya miguu yake akikanyaga ndizi ndani ya mtumbwi wa kukamulia, na kila alipomwona mamamkwe wake anapanda kilima alidhani siku yake ya kufukuzwa imefika. Alimtaka mtoto kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Lakini sasa alimtaka pia kama mtu anavyotaka mlango wenye komeo.

Mwishoni mwa mwezi huo watu walivuka daraja la Rusumo, wakikimbia vita vya nchi jirani. Walikuja kwa siku moja na usiku wake, wakaendelea kuja, na bonde la Benaco, ambalo lilikuwa nyasi na ng'ombe wachache, likawa mji wa turubai za bluu mpaka macho yanaposhindwa. Miti iliondoka vilimani, ikashuka bondeni kupika mahindi. Chemchemi ya chini, ambayo Adventina alikuwa akichota akiwa peke yake na ndege, sasa ilikuwa na foleni kabla hakujapambazuka, ikapungua ikawa tope. Ikabaki ile ndogo ya juu, kwenye mwamba, mwendo mrefu wa kupanda. Mashirika ya misaada yalileta maji kwa malori, lakini ya kambini tu. Lori lilipita mbele ya nyumba za wenyeji likitingisha maji yake, likashuka.

Nyumbani wakawa wanaoga kwa kikombe. Deodata alisema si haki, watu wanajipangusa kwa kitambaa huku Mungu, mwenye mawingu yote, anatengewa bakuli zima. Adventina alimwitikia kwa heshima, na usiku akaweka bakuli zima. Asubuhi mtungi ulikuwa mkavu, na neno likasemwa.

Katika wale wa bondeni alikuwemo mwanamke anayeitwa Uwimana, aliyepanda kilima kutafuta kibarua. Alilima maharage ya Adventina kwa malipo ya ndizi, na alilima vizuri, mgongo umeinama na midomo imefungwa. Alikuwa na mume, Niyomugabo, aliyeshinda kutwa kwenye mstari wa chakula. Watoto wao wawili walibaki upande wa pili wa mto, ardhini. Hilo alilisema siku ya kwanza, ili asiulizwe tena.

Siku moja aliwahi kufika, akausikia mtungi. Hakushtuka, aliweka jembe chini, akaomba aruhusiwe kutoa maoni yake. Kwao, alisema, mwalimu wa shule akiona mtoto amesoma vibaya humwambia "subiramo", yaani rudia, soma tena. Huenda mtungi nao unasema hivyo, ila kwa sababu shingo yake ni nyembamba, mkia wa neno unabaki ndani.

"Sasa anataka nirudie nini?" akauliza Adventina.

"Maji," akasema Uwimana. "Uweke tena."

Adventina aliona hiyo ndiyo tafsiri iliyompa kazi ya kufanya, akaipenda. Deodata alipoelezwa akasema wakimbizi nao wameanza kumfundisha Mungu kuongea.

Mwaka ulipinduka. Tumbo la Adventina likabaki lilivyo. La Uwimana likakua, akaendelea kulima nalo mpaka Adventina akamnyang'anya jembe. Alijifungua huko bondeni katika hema la mashirika, na mtoto alipotimiza siku za kutolewa nje alimfunga mgongoni akapanda kilima kumleta. Alikuwa wa kiume, ameitwa Habimana. Uwimana alisalimia, akaketi, akamwachia Adventina ampakate, kisha akasema lililomleta.

"Dada, mimi sikuweka maji. Kule tunalala dumu limekauka. Na yale ya lori yana dawa, udongo haushiki."

Adventina aliinamisha pua kwenye utosi wa mtoto. Palinuka mtungi. Si mtungi wowote: palinuka udongo wa ule pale kando ya mafiga, pamoja na moshi wa jiko lake na majani ya chemchemi ya juu. Deodata, aliyekuwapo, akamchukua mtoto naye akanusa, akanusa tena, akasema hakuna ubishi, mtungi ni wake na anaujua. Uwimana akasema si Habimana peke yake. Kina mama wa upande wao wa kambi walikuwa wanaulizana harufu hii imetoka wapi, ndipo yeye akawaeleza.

Adventina alimrudisha mtoto kwa mama yake, akampa Uwimana ndizi zake na za nyongeza, akamsindikiza mpaka mwisho wa shamba. Aliporudi alikaa jikoni akalia. Aliumia, hakuna namna nyingine ya kulisema. Miaka yote ile maji yalisimama pale hayaguswi. Na yalipoguswa, yalikwenda kujenga nyumba za watu wengine, wengi wasio na hesabu, na yeye ambaye alipanda mwamba na dumu kichwani akaambiwa neno lisilojulikana hata ni la lugha gani. Usiku huo alichota bakuli la maji, akaliangalia, akalinywa lote mwenyewe. Mtungi akauacha umefudikizwa.

Alifanya hivyo usiku uliofuata na mwingine. Asubuhi mtungi haukusema kitu. Kazimili aliuliza kulikoni kimya, akaambiwa leo Mungu hakukaribishwa, akasema tutaona.

Juma likapita, na habari ikaanza kupanda kutoka bondeni. Kambini hapakuwa na anayejifungua. Wanawake waliofikisha siku zao walizipita. Walikaa nje ya hema la kujifungulia wakiwa wameegemea mikono nyuma, na wakunga wa mashirika walitembea huku na huku mikono mifukoni. Daktari mmoja mgeni alipima matumbo yao, akasema kila kitu kiko sawa isipokuwa hakiendelei. Wanawake wenyewe walijua. Walisema watoto wako tayari, wamebakiza kulainishwa miguu tu, na hakuna maji.

Uwimana hakuja kumlaumu. Alikuja kulima. Ni Adventina aliyeshindwa kuvumilia, akajitanda kanga akashuka kwenda kujionea. Aliwakuta wamekaa kwenye mstari, jua linawapiga, vifundo vya miguu vimevimba. Walimsalimia kwa adabu, wadogo wakampa shikamoo, akaitikia marahaba. Hakuna aliyemwomba kitu. Mmoja tu, msichana ambaye huenda ilikuwa mimba yake ya kwanza, alimuuliza kama huko juu chemchemi bado inatoa. Adventina akasema inatoa kidogo. Yule msichana akashukuru, kana kwamba amepewa.

Alipanda kilima polepole siku hiyo, akiwaza. Aliwaza kwamba Mungu alikuwa na watu wengi kuliko maji. Aliwaza kwamba katika nyumba zote za vilimani amechagua kuingia kwake, usiku baada ya usiku, na hakuchagua kwa Deodata wala kwa Anastazi. Hata hivyo hakutaka kulainika haraka. Aliweka maji, bakuli zima, lakini asubuhi hakusubiri mtungi uanze. Aliuinua, akaweka mdomo wake kwenye mdomo wa mtungi, akauliza alilokuwa hajawahi kuuliza kwa sauti.

"Na wangu?"

"Subira," ukasema mtungi.

Sauti ilikuwa ileile, imechoka, na nyuma yake alisikia kama pumzi ya mtu anayejinyoosha mgongo. Haikumpa sababu. Haikumwahidi mwaka wala msimu. Adventina alikaa chini na mtungi mapajani, akashangaa kuona hasira imemtoka, na mahali pake hapana huzuni. Hakumjua mtu mwingine aliyekuja kwake kila usiku namna hii, asiyemsema vibaya wala kumharakisha. Mtu anayekunywa maji ya kwako kila siku hana chuki na wewe. Kama anamnyima, basi anayemnyima ni huyu mwenye sauti hii, na huyu alimwamini. Alilisema moyoni, akalisema tena kwa mdomo ili lisikike, akainuka akabandika uji.

Asubuhi hiyo watoto walizaliwa bondeni mfululizo mpaka nyembe za kukatia vitovu zikakosekana.

Baada ya hapo Adventina aliishi vizuri. Watu wanaopenda kusikia kwamba alipata mtoto wamekuwa wakiongeza chumvi, hakupata. Jumapili alishuka kambini kusali nao, na kina mama walimsogezea watoto awanuse, naye aliwanusa mmoja mmoja bila haraka. Alijua wa mvua na wa kiangazi, kwa kuwa chemchemi hubadilika. Habimana alianza kutambaa jikoni kwake, akajifunza kusimama kwa kushika mtungi. Deodata alimtengenezea uji wa ulezi, akambeba, akamwimbia, na alipomweka chini akamkumbusha mwanawe kwamba huyu ni wa watu.

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka tisini na sita tangazo la wakimbizi kurudi kwao lilipita kambini kwa vipaza sauti. Lilisemwa kwa lugha zote, na katika ile ya wakimbizi neno lilikuwa lilelile, subira, pamoja na mengine mbele na nyuma yake. Safari hii lilipanda vizuri katikati. Hakuna aliyemwita Anastazi. Watu walifungasha, kwanza wakakimbilia kinyume, kwenye mapori ya Biharamulo, wakiwa na magodoro na mabati na watoto. Halafu askari wakawageuza, wakawarudisha barabarani wawe wanatazama Rusumo.

Juma hilohilo Deodata alipanda kilima. Alimwamkia Adventina kabla ya kuamkiwa, jambo ambalo si kawaida, akaketi. Alisema wamebishana juu ya neno hili mwaka wa tatu sasa, na sasa hata serikali imelifasiri. Kuna binti amempata, wa watu wazuri, wazazi wamekubali. Alisema hana ugomvi na mtu. Aliomba mtungi ubaki, kwa kuwa ni mali ya nyumba na unajulikana kwamba unafanya kazi.

Adventina aliinuka akaingia ndani. Kazimili alikuwa amekwenda kupeleka pombe kwa baiskeli. Adventina alikunja nguo zake, akafunga kanga mbili na jembe. Aliujaza mtungi maji, kwa ajili ya yeyote atakayekuja, akaupa mkono wa kwaheri shingoni. Alimwambia mamamkwe wake abaki salama. Deodata akafuta machozi, kwa kuwa alimpenda, akamwambia apite njia ya juu isiyo na vumbi.

Lakini njia zote za siku hiyo ziliingia kwenye ile moja, na ile moja ilikuwa imejaa. Watu walitembea wamebanana, kimya, mizigo kichwani, na unachosikia ni miguu tu. Adventina alitembea kati yao mpaka njia panda, pale wa Rusumo wanaposhika upande mmoja na wa Ngara mjini na Mugoma upande mwingine. Alipotaka kutoka kwenye mkondo, askari kijana akamzuia kwa fimbo.

"Mama, upande ni huu. Ludi kwenu."

Adventina akasema ndiko anakorudi, ila kwao ni Mugoma. Askari akasema asubuhi nzima kila mtu amekuwa wa Mugoma. Uso wa Adventina ulikuwa wa watu wale, lugha yake ya watu wale, na mzigo wake haukuwa na tofauti. Askari alikuwa anaanza kumsukuma taratibu kwa fimbo, bila ubaya, wakati baiskeli ilipopenya katikati ya umati na Kazimili akashuka. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga godoro, karai na koti lake la Jumapili. Alisema alipofika nyumbani mama yake alimuuliza anakwenda wapi na godoro, na yeye akamjibu. Hakueleza alijibu nini, na Adventina hakuhitaji kuuliza. Mwanamume anayehamia kwa wakwe huchekwa mpaka kaburini, na Kazimili alilijua hilo alipokuwa anakaza kamba.

"Huyu ni mke wangu," akamwambia askari. "Sisi ni wa hapa."

Askari aliwatazama kwa zamu. Alikuwa Msukuma, mbali na kwao, na midomo imemkauka kwa vumbi. "Mke na mume," akasema. "Watoto wenu wako wapi?"

Kazimili akakaza kamba ya godoro. Adventina aligeuka akatazama barabara. Migongoni na mabegani na kwa miguu yao wenyewe walikuwa wanapita wale wa mvua na wale wa kiangazi, na kila aliyefika usawa wake aligeuza kichwa kumtazama mpaka akapita. Uwimana alipita na Niyomugabo. Hawakuweza kusimama, watu wa nyuma wanasukuma. Alimgeuza Habimana mgongoni ili aone vizuri, na Habimana akanyoosha mkono.

"Hao wanapita," akasema Adventina.

Askari akatazama vichwa vidogo vinavyogeuka, kimoja baada ya kingine, mstari mzima. Akashusha fimbo. "Wote?"

"Waliozaliwa hapa."

"Sasa mbona huendi nao?"

"Mimi nimeambiwa subira," akasema Adventina.

Askari alikuwa mtu wa Kiswahili, hakuona utata wowote. Akawaonyesha ukingo wa barabara, penye jiwe. "Basi subilini hapo pembeni," akasema, "mpishe watoto."

Wakasogea. Kazimili akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, Adventina akakaa kwenye godoro, na wakasubiri watu waishe. Watu walichukua siku nzima kuisha. Alilia kidogo, kisha akaacha, kwa sababu kulia kulimzuia kuona. Hakuwa na ugomvi na Mungu. Kazimili alipoona turubai za mwisho zimepinda kona na vumbi linaanza kutua, alipangusa kiti cha baiskeli, akauliza kama huko Mugoma kwa wakwe zake chemchemi iko mbali. Adventina akamwambia hapana, iko chini ya nyumba tu, na ina maji mengi.